Paka wangu aliposusa chakula: uzoefu wangu na kliniki ya wanyama Kampala

Paka mzima akimaliza siku nzima bila kugusa chakula, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Akiingia siku ya pili na ya tatu hajala, hiyo ni dharura, hata kama bado anatembea na anakuja kukulalia miguuni. Mbwa anaweza kususa siku mbili kisha akarudia sahani yake bila madhara makubwa. Paka hana uvumilivu huo. Akikosa chakula, mwili wake huyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamimina kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuimudu. Ini hujaa mafuta, hushindwa kazi yake, na paka aliyeanza na ugonjwa mmoja hujikuta na wa pili ulio mbaya kuliko wa kwanza. Paka wanene ndio walio hatarini zaidi.

Nimetanguliza hayo kwa sababu ndiyo kipimo nilichotumia kuipima kliniki iliyomtibu Mashavu wangu. Ni kliniki ndogo, iko upande wa barabara ya Ggaba hapa Kampala. Daktari aliniomba nisiitangaze kwa jina kwa kuwa ana vizimba vichache vya kulaza wagonjwa na mara nyingi vimejaa. Nitaheshimu ombi lake. Badala ya jina nitaeleza huduma yenyewe kwa undani, ili mwenye paka mgonjwa, awe Kibuli kama mimi au Jinja au Mbarara, ajue cha kudai popote atakapokwenda.

Mashavu ni paka jike, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, amefungwa kizazi, na uso wake wa mviringo ndio uliompa jina. Kwa kawaida ni mlaji: mukene, yaani dagaa wa ziwani, iliyochemshwa bila chumvi, vipande vya sangara ambaye wengi hapa wanamwita mputa, na chakula kikavu cha dukani mara mojamoja. Alipoanza kuumwa, njaa haikumwondoka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikigusa sahani tu anakuja mbio, anainama, ananusa, analamba midomo, kisha anarudi nyuma. Baadaye akajaribu kipande kimoja cha samaki, akakitafuna kwa upande mmoja, kikamdondoka, akaenda kujikunja chini ya meza ya cherehani. Jioni hiyo mate yalikuwa yanamtoka na manyoya ya kidevuni yameloa.

Jirani yangu, mama ninayemheshimu, aliniambia, "Dada, mvunjie robo ya Panadol, maumivu yatatulia." Alisema kwa huruma na najua wengi wangesema hivyohivyo. Sikumpa, na ninaomba asiwepo atakayempa. Paracetamol, dawa iliyomo ndani ya Panadol, ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, na inapobaki mwilini inaharibu damu yenyewe isiweze kubeba hewa. Fizi zinageuka rangi ya kahawia, paka anahema kwa shida, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Nusu au robo haimfanyi kuwa salama.

Mjini kuna maduka mengi ya dawa za mifugo, na yana manufaa yake: dawa ya minyoo, dawa ya kupe wa ng'ombe, chanjo za kuku. Duka moja nililopita, muuzaji alitaka kumdunga Mashavu sindano ya vitamini ya kuleta hamu huku paka bado yumo kikapuni na kifuniko kimefungwa. Hakumpima uzito, hakumtazama mdomoni, hakuuliza lolote. Nilichukua kikapu changu nikatoka. Sina ugomvi na vitamini, ila dawa ya hamu bila kujua kinachomzuia paka kula ni kubahatisha, na kila saa ya kubahatisha ini linaendelea kujaa.

Kliniki niliifikia kwa boda, nimekumbatia kikapu na kukifunika kwa kanga, tukipenya foleni ya Kabalagala. Daktari ni kijana wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka, na swali lake la kwanza ndilo lililonifanya nimwamini. Hakuuliza paka ana umri gani wala nitalipaje. Aliuliza, "Mama, mara ya mwisho kumwona anameza ni lini? Si kunusa, si kulamba. Kumeza." Nilipomjibu aliandika, akapiga mstari chini yake. Yakafuata mengine: anakunywa maji? Anakojoa? Ametapika? Choo kikoje? Nyumbani au kwa majirani kuna sumu ya panya? Ameanza kulala mahali asipolala kawaida? Nilipotaja meza ya cherehani alinyanyua macho. "Unashona? Basi tuanze na ulimi."

Hapo nilijifunza jambo ambalo kila fundi cherehani mwenye paka anapaswa kulijua. Paka hupenda kuchezea uzi, na akiumeza, mara nyingi sehemu yake hunasa chini ya ulimi huku nyingine ikishuka tumboni. Matumbo yanajikunja kuufuata uzi na unaweza kuyakata. Paka wa namna hiyo hususa chakula na kutapika, na anayemtazama juujuu haoni kitu. Daktari alimshika Mashavu kichwa kwa mkono mmoja, akafungua taya kwa kidole cha mkono wa pili, na kwa dole gumba akasukuma kutoka chini ya kidevu hadi ulimi ukanyanyuka. Hapakuwa na uzi. Lakini mdomo ulikuwa na habari nyingine: fizi za nyuma zilikuwa nyekundu na zimevimba, na jino moja la pembeni, upande wa kushoto, lilikuwa limelika chini kabisa, pale linapoingia kwenye ufizi. Alipoligusa kwa pamba Mashavu alitetemeka taya, macho yamefumba. Nikaelewa kwa nini alikuwa anakuja mbio na kurudi nyuma. Alikuwa na njaa, akajaribu, jino likamkataza.

Wengi wangeishia hapo, wakatoa dawa ya maumivu na kuniruhusu niende. Yeye alimweka kwenye mzani. Kadi ya chanjo ilionyesha kilo 5.2; sasa alikuwa 4.4. Akamvuta ngozi ya shingo aone inarudi haraka au polepole, polepole ikiwa ishara ya kupungukiwa maji. Akampima joto, akanieleza kuwa la paka mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, hivyo masikio ya moto kwa mkono wetu si kitu cha kutegemea. Mwisho akamsogeza dirishani, akageuza sikio moja ndani nje na kuliweka kwenye mwanga. Kwenye ngozi nyeupe ya sikio niliona umanjano hafifu. Akafungua mdomo tena, juu kwenye kaakaa, nako kulikuwa hivyohivyo. Taa ya umeme ya chumbani ilikuwa inauficha umanjano huo. Mwanga wa jua uliufichua.

Damu ilitolewa mguu wa mbele na kupelekwa maabara kwa boda, majibu yakarudi mchana uleule. Figo zilikuwa salama. Vipimo vya ini vilikuwa juu, na bilirubini, ile rangi inayosababisha umanjano, nayo juu. Daktari alinikalisha chini akasema, "Meno ndiyo yaliyoanza, lakini ini ndilo linaloweza kumuua. Meno yatasubiri. Chakula hakisubiri." Kung'oa jino kunahitaji usingizi wa dawa, na kumlaza paka ambaye ini lake limeelemewa ni hatari kubwa. Kwanza alishwe, ini lipumue, kisha ndipo meno. Mpangilio huo ndio ninaousifu kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii. Angeanza na jino, nadhani ningekuwa naandika habari nyingine.

Kumlisha vipi paka asiyetaka kula? Nilidhani tutamsukumia uji kwa bomba la sindano. Alikataa. Paka mwenye kichefuchefu akishindiliwa chakula kwa nguvu hukichukia chakula hicho hata baada ya kupona, na tone likipotea njia na kuingia kwenye mapafu, ni nimonia. Alichofanya ni kumpitishia mrija mwembamba puani hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni. Ni mrija uleule unaotumika hospitalini kulishia watoto wachanga. Aliupima kwa nje kwanza, kutoka ncha ya pua hadi kwenye mbavu, akaweka alama kwa kalamu. Akatia matone ya ganzi puani, akasubiri, akaupitisha taratibu kila Mashavu alipomeza mate. Akaushikiza kwa uzi wa upasuaji kando ya pua na juu ya paji la uso. Kola ya kumzuia asiuchomoe aliikata mwenyewe kwenye filamu kuukuu ya eksirei, akaizungushia plasta kingo zote zisimkate shingo. Mbavu za mbwa fulani zilikuwa bado zinaonekana kwenye ile kola.

Alimpa pia dripu, dawa ya kuzuia kichefuchefu na ya maumivu inayofaa paka. Nilipouliza kuhusu dawa ya hamu, alisema ipo, inaitwa mirtazapine, binadamu hupewa kwa ajili ya sonona, na paka hupata kipande kidogo mno ambacho daktari pekee ndiye anayekadiria kwa uzito na hali ya ini. Lakini ataitumia baada ya kichefuchefu kutulia. Kumfungulia mtu hamu huku tumbo linakataa ni kumtesa bure.

Hesabu ya chakula aliifanya mbele yangu kwenye simu. Kwa uzito wa Mashavu, mwili uliopumzika unahitaji takriban kalori 210 kwa siku. Nikataka apewe zote siku hiyohiyo. Akanieleza kwa subira kwamba paka aliyekaa njaa akijazwa ghafla, potasiamu na fosfati kwenye damu hushuka kwa kishindo na moyo unaweza kusimama. Ataanza na robo, aende nusu, halafu kamili, huku akirudia kupima damu. Chakula kilikuwa cha kopo cha paka wagonjwa, laini, kimeongezwa maji na kuchujwa mara mbili, kwa sababu mrija wa puani ni mwembamba na punje ndogo tu inauziba.

Alilazwa kwanza, kisha nikaruhusiwa kumchukua na mrija wake. Hapa ndipo huduma ilipoonyesha thamani yake, maana kazi ilihamia jikoni kwangu. Daktari hakuniachia karatasi tu. Alinisimamia nikalisha mbele yake hadi akaridhika na mkono wangu. Utaratibu ni huu. Paka akae kifudifudi, kichwa juu. Chakula kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu hadi kisiwe baridi wala moto, ukikidondoshea nyuma ya kiganja usihisi tofauti. Kabla ya chakula, sukuma maji safi kidogo, mililita chache. Akikohoa au kupaliwa, acha papo hapo na piga simu, huenda mrija umehama. Akitulia, sukuma chakula polepole, kwa robo saa nzima kama inabidi. Akianza kulamba midomo na kumeza mate mfululizo, hicho ni kichefuchefu, pumzika. Mwisho maji tena, kuusafisha mrija, na kizibo.

Mama yangu ndiye alikuwa mkono wangu wa pili. Alimkalisha Mashavu kwenye khanga mapajani mwake, akimsomea dua kwa sauti ya chini, na paka aliyekuwa akinikwaruza mimi alitulia kwa bibi yake tangu mwanzo. Kila baada ya mlo tuliandika saa na kiasi kwenye daftari la oda za nguo. Usiku nilimtumia daktari picha ya ukurasa kwa WhatsApp, asubuhi jibu lipo: ongeza, punguza, au mlete nimtazame. Mara moja nilimtumia video ya Mashavu akipiga chafya na mrija ukicheza, akapiga simu mwenyewe kabla sijamaliza kuandika ujumbe. Huduma ya namna hii sikuipata hata nilipokuwa mgonjwa mimi.

Umanjano ulififia taratibu, kwanza masikioni. Siku aliyokula mwenyewe, nilikuwa nimechemsha sangara kwa ajili ya watu, sijamwekea yeye, wala kitunguu sikuwa nimekitia bado. Alikuja na kola yake ikigonga miguu ya meza, akasimama akiangalia sufuria. Nilimvunjia kipande kwenye kiganja, nikakipoza, akakila chote kwa upande wa kulia wa mdomo. Nililia, na mama yangu naye alilia. Mrija haukutolewa hapohapo. Daktari alitaka kuona anakula kiasi cha kumtosha kwa siku kadhaa mfululizo, uzito ukipanda. Kitunguu nimekitaja kwa makusudi: kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa mezani si wa kumwekea mgonjwa hata ukinukia vipi.

Baada ya ini kutengemaa ndipo alipolazwa kwa meno. Lile lililolika liling'olewa na jingine lililokuwa limeanza. Siku hizi anatafuna pande zote mbili.

Sasa kasoro, maana zipo na si ndogo. Usiku hapana daktari kliniki. Kuna mlinzi, na daktari anapatikana kwa simu, lakini paka aliyelazwa analala bila mtaalamu kando yake. Kwa mgonjwa mwenye mrija na dripu hilo lilininyima usingizi. Pili, vizimba vya paka na vya mbwa viko chumba kimoja. Paka mgonjwa anayebwekewa na mbwa hali chakula, na nilimwambia daktari hivyo. Akaweka shuka mbele ya kizimba, ikasaidia kiasi, lakini chumba cha pekee ndicho kinachohitajika. Tatu, maelekezo ya dawa yaliandikwa kwa Kiingereza kitupu. Mama yangu anasoma Kiswahili tu, na ndiye aliyekuwa na mgonjwa nikiwa sokoni. Ilibidi binti yangu ayaandike upya. Daktari anayezungumza Kiswahili kizuri namna ile angeweza kutuandikia mistari michache.

Gharama: kwa jumla, pamoja na vipimo, kulazwa, mrija, makopo ya chakula na baadaye meno, ilipita shilingi laki saba. Kwa fundi nguo hizo ni pesa nyingi. Kumwona daktari, vipimo vya damu na kulazwa nilitajiwa bei kabla, jambo jema, ila usafiri wa damu kwenda maabara na kola vilijitokeza kwenye risiti tu. Walinikubalia nilipe kidogokidogo kwa mobile money bila riba. Asiyeweza kiasi hicho asikate tamaa: Chuo Kikuu cha Makerere kina chuo cha udaktari wa mifugo chenye kliniki ya wanyama wadogo, na inafaa kuulizia huko. Na popote uendapo, una haki ya kuuliza kama daktari amesajiliwa na Uganda Veterinary Board. Wa kwangu cheti chake kimetundikwa ukutani, juu ya mzani.

Ningeulizwa na mtu leo apeleke wapi paka aliyesusa, ningemwambia atafute mahali ambapo watampima uzito, watafungua mdomo na kunyanyua ulimi, watatazama masikio kwenye mwanga wa jua, na watazungumzia chakula kabla ya sindano. Akiona hayo, atulie. Asipoyaona, ayaulize kwa heshima, na akijibiwa vibaya abebe kikapu chake. Aende na kadi ya chanjo, orodha ya chochote paka alichopewa nyumbani, na picha ya matapishi au choo kama vipo. Na kama ni paka dume anayeingia mchangani mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, hapo asisubiri hata kupambazuke. Mkojo ulioziba unaweza kumuua dume ndani ya siku moja au mbili, na kususa chakula huwa ni dalili yake mojawapo.

Malipo ya mwisho nimeshayakamilisha. Kipimo cha damu cha kufuatilia kilionyesha ini limerudi karibu na kawaida, na mzani ulisoma kilo 4.9. Daktari hataki apande tena hadi 5.2, kwa hiyo mukene imepunguzwa. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa iko karibu kuisha muda, na miadi nimeiweka hukohuko.